Hizo Ngoma Mnazozililia, Mlizilipia?

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nafua, spika iko juu ya dirisha, naskiza ngoma za zamani. Nilianza na Kiasi ya Jua Cali, ikaja Kare ya P-Unit, ikafuata Kookoo ya Elani. Nilikuwa na raha zangu. Mdogo wangu akatoka chumbani macho yamevimba usingizi, akaniambia niongeze sauti kidogo. Badala ya kuongeza sauti, mimi nikaanza mahubiri. Nikamwambia hii ndiyo inaitwa muziki. Nikamwambia wakati wetu watu walikuwa wanaandika mashairi, wanaimba vitu vya maana, si hizi kelele zenu za kutingisha kiuno dakika mbili halafu zimeisha.

Aliniskiza mpaka nikamaliza. Halafu akauliza swali moja tu: "Na hizo ngoma bro, mlizilipia pesa ngapi?"

Nilicheka. Nikarudi kwa beseni. Lakini nguo zikiwa bado kwa sabuni nikajikuta napiga hesabu. Darasa la kwanza 2004, kidato cha nne 2015. Miaka kumi na miwili ya kuimba, kucheza, kukariri, kunakili maneno ya nyimbo nyuma ya daftari la hesabu. Katika miaka hiyo yote sikupata hata shilingi moja iliyotoka mfukoni mwangu ikamfikia msanii.

Basi leo nataka tuongee, sisi tuliozaliwa miaka ya tisini, tunaojaza kurasa za watu na maneno "siku hizi hakuna muziki". Nina mambo mawili ya kusema, na yote mawili yananihusu mimi mwenyewe kabla ya kuwahusu nyinyi. Kwanza, tunadanganya kuhusu zile ngoma. Pili, tunazipenda kwa mdomo.

Nianze na uongo.

Tunaongea utadhani tulilelewa na kwaya. Wacheni mchezo. Mimi nililelewa na Nonini. We Kamu, Manzi wa Nairobi, Keroro. Kama umesahau keroro ni nini, uliza mtu yeyote wa Eastlands aliye na kichwa kinauma Jumapili asubuhi. Tulikuwa tunaziimba tukiwa na meno ya maziwa, kwa foleni ya uji, nusu ya maneno hatujui maana yake na nusu nyingine tunajua sana ndiyo maana tunanyamaza mwalimu akipita.

Na walimu walikuwa wanasema nini? Walikuwa wanasema tu yale tunayosema sisi leo. Takataka. Kelele. Uhuni. Mwalimu wetu wa Kiswahili alituapia kwamba genge ndiyo itakayotufelisha KCPE. Nikiwa darasa la sita niliandika neno "manzi" ndani ya insha, nikachapwa viboko viwili, na hii ni miaka mingi baada ya viboko kupigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Kulikuwa pia na kile kipande cha mbao tulichokiita diski: ukisikika unaongea sheng unavalishwa shingoni, unakaa nacho mpaka umnase mwenzako. Sheng yenyewe tuliitoa wapi? Kwa Jua Cali, kwa Jimwat, kwa kila aliyepita Calif Records akarekodiwa na Clemo. Tulikuwa tunaadhibiwa kwa kujua nyimbo ambazo leo mnaziita urithi wa taifa.

Hata wanamuziki wenyewe walidharauliana. Lile jina kapuka, walilobandikwa watu wa Ogopa Deejays, lilikuwa likitamkwa na watu wa hip hop kama tusi. Maana yake ilikuwa muziki mwepesi, muziki wa watoto, muziki usio na kitu ndani. Leo huyo huyo aliyekuwa anatukana kapuka ana kitambi, anashika glasi kwenye sherehe ya ngoma za zamani, Boomba Train inapigwa, machozi yanamlenga. E-Sir alifariki Machi 2003 akiwa na miaka 21. Miaka ishirini na moja! Kama angekuwa hai leo na umri huo, akiimba vile vile, nyinyi ndio mngekuwa wa kwanza kuandika kwamba vijana wamepotea.

Kwa hivyo tukisema "zamani kulikuwa na muziki", tunasema nini hasa?

Mambo mawili madogo. La kwanza, muda ni chekeche. Kwa kila wimbo mmoja tunaoukumbuka, kulikuwa na mingine kibao mibaya kabisa, ya watu waliokodi studio nusu saa na miwani ya jua siku nzima, na hakuna DJ anayeithubutu leo. Tunachukua ngano iliyobaki juu ya chekeche ya miaka ishirini, tunailinganisha na gunia zima la wiki hii, makapi na mawe ndani. Hapo lazima ngano ishinde.

La pili ni gumu zaidi kulikubali. Mwaka 2012, nikiwa kidato cha kwanza, You Guy ya P-Unit ilikuwa kila mahali. Nakumbuka siku moja nilitumwa nyumbani karo, nikapanda matatu, wakaiweka kwa sauti ile ya kutikisa vioo. Nilikuwa na furaha kama mtu ameshinda bahati nasibu. Naenda nyumbani mchana! Nilifika nikamkuta mama amekaa kando ya kitanda, anahesabu noti za chama ambazo hazikuwa zake peke yake. Aliniangalia tu, akaendelea kuhesabu. Mimi kichwani wimbo ulikuwa bado unalia.

Leo nikiskia You Guy mwili wangu unarudi kwa ile furaha ya matatu. Haurudi kwa kile kitanda. Ndiyo hila ya wimbo wa shuleni: unakupa umri wako bila kukupa bili. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda mimi mwenyewe sasa, na nilipofungasha vitu vyangu kuna wimbo ulikuwa unapigwa chumba jirani. Siwezi kukwambia ulikuwa gani. Nafikiri ulikuwa mzuri. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na madeni, na wimbo ukikukuta hapo hauingii.

Kwa hivyo kile tunachokililia wakati mwingine ni wakati ambao shida za nyumbani zilikuwa zinahesabiwa na mtu mwingine. Si haki kumtupia kijana wa miaka 19 lawama eti beti zake hazitufanyi tuwe na miaka kumi na nne.

Mtaniambia muziki wa siku hizi kweli ni mchafu. Sawa, tuongee hilo. Tarimbo ya Ethic ya 2019 ilikemewa kwa vile ilivyoongea kuhusu kuwadhulumu wanawake, na ilistahili kukemewa, tena zaidi. Sitaitetea. Lakini chukueni kipimo hicho hicho mkipeleke nyuma mpaka 2003, muwe waaminifu, mniambie ni ngapi zitapita. Tukipima tupime zote. Haiwezekani mwanamke akidharauliwa kwa midundo ya 2004 tuite hiyo ladha, akidharauliwa mwaka huu tuite mmomonyoko wa maadili.

Sasa nije kwa pesa, pale mdogo wangu alinifunga mdomo.

Nikiwa kidato cha kwanza nilikuwa na biashara. Shule ilikuwa ya kutwa, kwa hivyo jioni nilikuwa naingia saiba, shilingi moja kwa dakika, nafungua Waptrick na Tubidy, nashusha nyimbo. Siku ya pili najaza memori kadi za wenzangu: shilingi tano kwa wimbo, hamsini ukitaka kadi nzima. Camp Mulla zilikuwa zinatoka kama mandazi ya moto. Walipoteuliwa kwa tuzo za BET mwaka 2012 nilipandisha bei. Sauti Sol walipotoa Sura Yako mwaka 2014 niliuza mpaka kwa mwalimu mmoja wa mazoezi, akaniomba nisimwambie mtu. Kwa pesa hizo nilinunua viatu vya Bata na kumwachia mama za unga mara mbili tatu.

Nilikuwa msambazaji, muuzaji na mhasibu. Aliyekosa kwa hiyo biashara ni mwenye wimbo peke yake.

Na najua sikuwa pekee. Kama hukuuza, ulinunua. Kama hukununua, ulirushiwa kwa Bluetooth nyuma ya darasa, simu mbili zimegusanishwa migongo utadhani zinasalimiana. Au mlinunua ile sidii ya mchanganyiko River Road, nyimbo mia moja kwa shilingi hamsini. Tulikuwa watoto, hatukuwa na pesa, na hakukuwa na mahali pa kulipia hata ukitaka. Hiyo nakubali. Spotify yenyewe ilifika Kenya 2021. Lakini sasa tuna mishahara, angalau nyinyi mnayo, na bado mnataka ile ile ya Tubidy.

Mapema mwaka 2016, miezi michache baada ya KCSE yangu, Elani walikaa mbele ya kamera wakaeleza walivyofuatilia mirabaha yao kwa MCSK, chama kilichoanzishwa mwaka 1983 ili kuwakusanyia watu wa muziki pesa zao. Hiki ni kikundi ambacho nyimbo zake zilikuwa kwa kila redio, kila harusi, kila saluni. Walichosema wamepokea hakikulingana hata kidogo na hicho kilio cha redio. Niliitazama hiyo video nikaumia kweli. Nikaituma kwa magrupu matatu ya WhatsApp, nikaandika "inauma". Halafu nikarudi Tubidy kutafuta wimbo wao mwingine.

Baada ya hapo mambo yalikuwa vurugu. Mwaka 2017 bodi ya hakimiliki, KECOBO, iliinyima MCSK leseni ikaipa MPAKE, wakapelekana mahakamani, na msanii akabaki katikati hajui amwulize nani. Ilibidi tungoje mpaka 2022 ndipo Sheria ya Hakimiliki ikarekebishwa, ikaandikwa wazi kwamba katika pesa za milio ya simu, zile za Skiza na wenzake, msanii apate asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, na mawakala wa katikati 8.5. Ona hiyo tarehe tena. Miaka yote tuliyokuwa shule tukibadilisha milio kila wiki, hakukuwa na sheria iliyosema mwenye sauti lazima apate hata nusu.

Wanasiasa nao wana historia yao. Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji ilitoka 2002 ikageuzwa wimbo wa NARC. Watu waliitumia kuingia Ikulu. Mwaka 2022 Sauti Sol walilalamika hadharani kwamba kampeni ya Azimio ilitumia Extravaganza bila kuwauliza. Miaka ishirini katikati, na bado mawazo ni yale yale: wimbo ukipendwa na watu unakuwa wa watu, na kitu cha watu hakina mwenyewe.

Mmoja alikataa. Nonini alipokuta We Kamu imewekwa ndani ya tangazo la mtandaoni bila ruhusa yake, alienda kortini, na mahakama ikaamua alipwe shilingi milioni 1. Nilisoma maoni ya watu siku hiyo. Wengi walimcheka. Eti ameishiwa. Eti anatafuta pesa kwa wimbo wa zamani. Hawa ni watu wa rika langu, wale wale wenye kuandika "bring back genge". Mnataka genge irudi lakini mwenye genge akija na risiti mnamfungia mlango.

Kichekesho chenyewe kina mkia. Mwaka 2019 Ezekiel Mutua, akiwa mkuu wa bodi ya filamu, alitangaza kwamba Wamlambez ya Sailors ibaki kwa vilabu na baa tu, isipigwe hadharani. Mwaka 2022 huyo huyo akawa mkuu wa MCSK, kazi yake ikawa kutetea pesa za wanamuziki. Simlaumu kwa kubadilisha kazi, kila mtu ana watoto. Nasema hiyo ndiyo picha yetu sote. Wimbo ukiwa mpya tunaufungia. Ukizeeka ukaanza kunukia pesa, tunautetea.

Mimi naandika kwa kibarua. Nalipwa kwa makala, nikilipwa. Nimewahi kuona kazi yangu nzima, koma kwa koma, kwa ukurasa wa mtu nisiyemjua, watu mia nane wameipenda, jina langu halipo. Nimewahi kuandikia watu walioniambia bajeti haipo lakini nitapata jina. Jina ukiliweka kwa sufuria haliivi. Nilikasirika siku hizo zote, nikapiga simu, nikatukana. Na sikuwahi, hata mara moja, kujiona kwa yule kijana wa saiba mwenye memori kadi. Mpaka mdogo wangu aliponiuliza nikiwa na sabuni mikononi.

Kwa hivyo, tufanye nini?

Ukiwa na baa na unafanya usiku wa ngoma za zamani kila mwezi, lipa leseni yako, halafu angalau mara moja mwalike mmoja wa hao waimbaji, umpe maiki na umpe bahasha. Ukiwa DJ, taja jina la aliyeimba, usitaje lako peke yako mara arobaini juu ya sauti yake. Ukiwa na kampuni na unataka wimbo wa 2006 kwa tangazo lako kwa sababu wanunuzi wako sasa wana miaka thelathini, mtafute mwenyewe. Yuko hai. Yuko Nairobi. Anajibu simu. Na wewe msikilizaji, kama kweli huo wimbo ulikubeba kidato cha tatu, nenda uuskize mahali ambapo mwenyewe anahesabiwa, si kwa chaneli ya mtu aliyeupakia miaka kumi iliyopita na picha ya maua.

Kisha acha kuwatukana watoto. Hata ule mtindo wao wa arbantone mnaoukasirikia unafanya nini? Unachukua midundo ya dansihoo na ya ngoma zetu za zamani, unaipa maneno mapya. Kijana ambaye hakuwa amezaliwa leo anaijua hiyo midundo kwa sababu yao, si kwa sababu ya malalamiko yetu.

Hapa ningemaliza vizuri, nikiwa upande wa haki. Lakini jioni ya ile Jumamosi mdogo wangu aliniita chumbani kwake. Alikuwa na wimbo amerekodi kwa rafiki yake, Kayole, na hakuwa amemwonyesha mtu wa nyumbani. Akanipa earphone zote mbili. Mdundo ulipoanza niliutambua kabla ya sekunde tano kuisha. Ulikuwa wa ngoma moja niliyokuwa nauza shilingi tano.

Niliuskiza wote. Ni mzuri. Sisemi hivyo kwa sababu ni ndugu yangu. Beti ya pili ina mambo ya mama yetu ambayo sikujua aliyaona, alikuwa mdogo sana.

Nikamuuliza, "Huu mdundo, umeulipia pesa ngapi?"

Akanyamaza. Sikufurahi kumshinda, kwa sababu nilijua alijifunzia wapi. Ile simu ya kwanza aliyoskizia muziki ilikuwa yangu, na kadi ndani yake nilikuwa nimeijaza mimi.

Tulikaa kitandani tukatafuta jina la aliyeutengeneza huo mdundo, tukampata kwa Instagram. Tukaandika ujumbe pamoja, tukafuta mara tatu, tukausoma kwa sauti, tukautuma. Tulimwambia sisi ni nani, tunataka kutumia nini, na pesa tulizonazo ni ngapi. Si nyingi. Wimbo bado haujatoka. Mdogo wangu anaangalia simu kila saa, na mimi pia naangalia.